Hesabu ya Hospitali Isomwe Kabla ya Kulipwa

Napenda kuwaletea wasomaji wa gazeti hili jambo ambalo aghlabu hatulizungumzi mpaka tuwe tumekwisha ingia ndani yake. Jambo lenyewe ni hesabu ya hospitali: namna inavyofanywa, namna tunavyoilipa, na haki ya kila upande iliyomo ndani yake.

Tazameni ajabu yetu. Mtu akitaka kununua gunia la mchele, huuliza bei katika maduka matatu, hutia mkono ndani ya gunia, huutazama mchele kiganjani, kisha husema, "Nipunguzie." Akitaka kuezeka nyumba, hupatana na fundi kabla ya bati la kwanza kupanda juu. Hata nazi mbili tu huzigonga na kuzitikisa sikioni kabla hajatoa pesa zake. Lakini mtu huyo huyo akiingia hospitalini, ambako pengine atatumia fedha nyingi kuliko alizotumia mwaka mzima kwa chakula, haulizi bei. Huletewa karatasi moja yenye jumla chini yake, akaitazama kama mtu anayetazama hukumu ya kadhi, akaenda kutafuta fedha.

Mimi nami nilikuwa mmoja wao, na nisingeandika makala haya lau si mambo yaliyonifika.

Yaliyotufika

Dada yangu mkubwa, mwanamke wa miaka sabini na kitu, alianguka ngazini asubuhi akirudi kutia udhu, akavunjika mfupa wa nyonga. Katika hospitali ya serikali tuliambiwa kwamba atapasuliwa, lakini zamu ni ndefu. Daktari akatueleza kwa upole kwamba mtu mzima aliyevunjika nyonga hafai kulazwa siku nyingi bila ya kupasuliwa, kwani kulala huko huleta maradhi ya mapafu, damu kuganda miguuni, na vidonda vya mgongo. Basi wanawe wakakata shauri tumpeleke hospitali ya binafsi. Sitaitaja jina, kwani shabaha yangu si kumfedhehesha mtu.

Pale mlangoni tuliulizwa kwanza kama ana bima. Alikuwa ameandikishwa, lakini michango yake haikuwa imelipwa. Kosa hilo lilikuwa letu sisi jamaa zake, na ninalikiri. Tukatakiwa kutanguliza shilingi 100,000. Wanawe wakatoa walichokuwa nacho, na bangili moja ya dhahabu ikauzwa. Hakuna aliyeuliza kazi nzima itagharimu kiasi gani. Mgonjwa alikuwa analia, nasi tulitaka kilio kile kikome.

Upasuaji, alhamdulillahi, ulikuwa mzuri. Mganga aliyempasua ni mtu hodari na wauguzi walimtunza kwa huruma, na hilo lazima niliseme. Baada ya siku sita daktari alipita wadini saa tatu za asubuhi, akasema anaweza kwenda nyumbani. Karatasi ya hesabu ikaletwa saa kumi za alasiri. Jumla ilikuwa shilingi 386,400. Ukiondoa zile tulizotanguliza, zilibaki 286,400.

Wakati huo nilikuwa na shilingi 251,000, na fedha hizo hazikuwa zangu wala za wanawe. Zilikuwa mchango wa jamaa wa msikiti wetu baada ya sala ya Ijumaa. Najua nani alitoa, kwani mimi ndiye niliyeandika. Yumo mwenye duka aliyetoa elfu kumi. Yumo hamali wa bandarini aliyetoa mia mbili, naye nilimwona akizihesabu mara mbili kabla ya kunipa. Yumo mwanafunzi wangu wa chuoni aliyeleta shilingi hamsini za maandazi yake.

Tulipungukiwa na shilingi 35,400. Mpwa wangu alikwisha kuitoa simu yake akaniambia, "Mjomba, kuna mkopo wa simu, unaingia sasa hivi." Nikamwuliza, "Na unarudishwa vipi?" Akanionyesha. Ilikuwa ni riba, tena riba nzito. Nikamwambia angoje.

Hapo ndipo lilipotoka swali ambalo lilikuwa litoke siku sita nyuma. Nilijiuliza: ikiwa Mwenyezi Mungu ataniuliza kesho juu ya zile mia mbili za hamali, nitasema zimekwenda wapi? Nitasema nililipa jumla bila ya kujua ni jumla ya nini? Mtu akitumia chake kwa uzembe amejidhulumu nafsi yake. Lakini mwenye kushika amana ya watu hana ruhusa ya uzembe.

Kuisoma hesabu

Nikarudi kwa keshia, kijana mwenye adabu, nikamwambia, "Mwanangu, naomba hesabu iliyochambuliwa, kifungu kwa kifungu." Akajibu, "Maalim, bili ndiyo hiyo." Nikamwambia, "Hii ni jumla. Nataka kuona kila kitu, idadi yake na bei ya kila kimoja." Akasema itachukua muda. Nikasema nitasali alasiri kisha nirudi. Niliporudi alinipa karatasi saba.

Mimi elimu yangu ni ya chuoni na skuli ya msingi tu. Lakini mtu aliyefundisha watoto kuhesabu herufi za msahafu haogopi karatasi saba. Nikakaa na dada yangu na mwanawe wa kike aliyelala naye usiku zote, tukaisoma hesabu mstari kwa mstari, kisha tukamwomba muuguzi mkuu atuonyeshe waraka wa matibabu uliokuwa kwenye kitanda. Tukaona mambo manne.

La kwanza, alihesabiwa siku ya saba ya kitanda, shilingi 7,500, ilhali daktari alimruhusu asubuhi na tulichelewa kwa kungoja hesabu yao wenyewe. La pili, sindano za maumivu ziliandikwa 24, na waraka wa kitanda unaonyesha alidungwa 12. Zile nyingine zilitolewa dukani kwao zikarudishwa, lakini kurudi kwake hakukuandikwa. Kila moja ilikuwa shilingi 650, basi zilizozidi ni shilingi 7,800. La tatu, skrubu za kushikilia chuma ziliandikwa sita, na maandishi ya mganga aliyepasua yanasema nne. Mbili zilizozidi zilikuwa shilingi 12,000. La nne, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliandikwa kuja mara tatu, naye alikuja mara moja tu. Mara mbili zilizozidi zilikuwa shilingi 5,000. Jumla ya makosa hayo ni shilingi 32,300.

Lakini hapo hapo mpwa wangu wa kike akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, mbona picha ya eksirei ya baada ya upasuaji haimo?" Nikatazama. Kweli haikuwamo. Bei ya ile ya kwanza ilikuwa shilingi 3,000.

Nakiri kwamba nafsi yangu iliniambia ninyamaze. Wao wametuzidishia thelathini elfu, kuna ubaya gani sisi kuficha tatu? Kisha nikaikumbuka Sura ya Al-Mutaffifin, ninayoisomesha kila mwaka. Sura ile inawaonya watu ambao wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Haikusema onyo hilo ni la wenye maduka peke yao. Mgonjwa naye ana mizani mkononi mwake. Nikayaandika yote matano, manne yetu na moja lao.

Nikapelekwa kwa msimamizi wa hospitali. Nilimweleza pole pole, bila ya kupaza sauti na bila ya kumtuhumu mtu wizi. Alipolifikia lile la picha alininyanyulia macho akatabasamu. Akaita muuguzi, akalinganisha, akakubali yote. Hesabu ikashuka kwa shilingi 29,300, ikawa 357,100. Kisha nikamwuliza swali jingine: "Je, tukilipa fedha taslimu sasa hivi, mtatupunguzia?" Akafikiri, akaifanya 340,000. Tukalipa 240,000 zilizobaki. Zikasalia 11,000 katika mchango wa jamaa, nikatangaza msikitini, wakaridhia zinunuliwe fremu ya kutembelea. Dada yangu akatoka jioni ile ile. Mkopo wa riba haukuchukuliwa.

Sisemi kwamba walitaka kutuibia. Ninaamini yalikuwa makosa ya kuandika, kwa kuwa lile la picha lilikuwa kosa juu yao wenyewe. Lakini sokoni kosa la muuzaji huonekana upesi kwa sababu mnunuzi anatazama mizani. Hospitalini hakuna anayetazama, na kosa lisilotazamwa hukaa mpaka likawa ada.

Kwa nini bei za hospitali hazishindani

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kusoma. Nilitaka kujua kwa nini bei ya sukari inajulikana mji mzima, na bei ya kupasuliwa haijulikani hata kwa anayepasuliwa.

Jambo hili wataalamu wamelizungumza zamani. Mwaka 1963 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, ambaye mwaka 1972 alipewa tunzo ya Nobel, aliandika makala mashuhuri kueleza kwamba soko la matibabu si kama masoko mengine. Maana yake kwa lugha yetu ya nyumbani ni hii. Mnunuzi wa matibabu hachagui siku ya kununua, bali maradhi ndiyo yanayomchagulia. Hajui anachohitaji, na anayemwambia anachohitaji ndiye huyo huyo anayemwuzia. Hawezi kukijaribu kwanza kitu akakirudisha. Na mara nyingi anayelipa ni mwingine, yaani bima au jamaa, basi anayetumia haulizi bei na anayelipa hayupo wadini.

Juu ya hayo, hospitali zenye vyombo vikubwa na waganga wa kupasua ni chache katika mji, na katika miji midogo ya pwani yetu pengine ni moja. Muuzaji akiwa mmoja, au wawili wasiotangaza bei zao, ushindani unatoka wapi? Tena bei yenyewe si moja. Kampuni ya bima hupatana bei yake, na mwenye kulipa taslimu hupewa yake, na hakuna ajuaye ya mwenziwe.

Hata Marekani, nchi ya kutajirika kwa biashara, hali ilifika mahali serikali ikaingia kati. Tangu tarehe 1 Januari, mwaka 2021, hospitali za huko zinatakiwa na kanuni ya serikali kutangaza bei zao wazi, pamoja na zile walizopatana na makampuni ya bima. Na tangu Januari mwaka 2022, mgonjwa asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio kabla ya kutibiwa, na hesabu ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi anaweza kuipinga. Jimbo la Maryland limekwenda mbali zaidi: tangu miaka ya 1970 iko tume inayoweka viwango vya malipo ya hospitali, na kila mwenye kulipa hutozwa kwa kiwango hicho.

Nilitaka kulijaribu jambo hili hapa kwetu. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na ngiri, naye si wa haraka, kwani daktari alimpa miezi. Nikakaa naye tukapiga simu na kwenda kwa miguu katika hospitali nne za binafsi. Moja ilikataa kutaja bei mpaka mgonjwa alazwe. Moja ilisema 140,000. Moja ilisema 90,000. Moja ilisema 65,000, ikaandika katika karatasi yenye muhuri. Tulipouliza nani atakayepasua, tukakuta kwamba mganga wa ile ya 140,000 na wa ile ya 65,000 ni mtu mmoja! Mkono ni ule ule na elimu ni ile ile, ukuta tu ndio tofauti. Akapasuliwa kwa 65,000, naye leo anabeba mtoto wake begani.

Basi ushindani unaweza kuwapo pale penye nafasi ya kuuliza. Usipouliza wewe, hautakuja wenyewe.

Dini yetu inasemaje

Wako wanaoona haya kuzungumza bei na tabibu, wakidhani ni utovu wa adabu au upungufu wa tawakuli. Kwa hao nitaikumbusha hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, iliyopokewa na Abu Said al-Khudri (R.A.). Baadhi ya masahaba walikuwa safarini, wakafika kwa kabila moja lililokataa kuwakaribisha. Mkubwa wa kabila hilo akaumwa na nge, watu wake wakaja kutafuta dawa. Sahaba mmoja akakubali kumsomea, lakini kwanza wakapatana ujira, nao ni kundi la kondoo. Akamsomea Suratul Fatiha, akapona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Walipopewa kondoo hawakuwagawa mpaka walipomwuliza Mtume (S.A.W.), naye akawaridhia.

Tazameni mafunzo yaliyomo. Ujira wa matibabu ni halali, basi tusimwone daktari kuwa ni mkosa kwa kutaka malipo. Tena ujira ule ulipatanwa kabla ya kazi, na mgonjwa yuko katika uchungu. Na waliopokea malipo waliogopa kuyala mpaka wajue uhalali wake. Lau kila hospitali ingekuwa na khofu hiyo ya tatu, makala haya yasingehitajiwa.

Wanachuoni wetu wa fiqhi wanasema katika mlango wa ijara kwamba ujira sharti ujulikane. Na Qurani Tukufu katika Suratun Nisaa inakataza watu kuliana mali kwa batili, ikahalalisha biashara ya kuridhiana. Je, yuko wapi mwenye kuridhia jambo asilolijua? Mtume (S.A.W.) alikataza watu kwenda kuwapokea wenye misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajaijua bei ya soko. Kwa nini? Kwa sababu mmoja anajua na mwingine hajui. Mgonjwa wa leo ni kama mwenye msafara yule: amefika mlangoni, amechoka, na bei ya mji haijui.

Huenda msomaji akasema, basi serikali iweke bei na yaishe. Hapa tuende kwa hadhari. Imepokewa kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awawekee bei, naye hakukubali, akichelea asije akamdhulumu mtu katika mali yake. Lakini wanachuoni wameeleza kwamba hilo ni pale soko linapokwenda kwa haki. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliandika katika kitabu chake cha Hisba kwamba watu wakiwa na dharura ya kitu, na wenye nacho ni wachache wakakizuia ila kwa bei ya juu, mtawala ana haki ya kuwalazimisha wauze kwa bei ya mfano wake. Mwenye akili apime: nyonga iliyovunjika si dharura?

Na wazee wetu hawakuishia kwenye maneno. Katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasib, aliyekagua mizani za wauzaji, na vitabu vya kazi yake vinawataja matabibu pia: tabibu aandike aliyoyaona kwa mgonjwa na dawa aliyoiagiza, na jamaa wapewe nakala, ili mambo yakiharibika maandishi yatazamwe na mkubwa wa matabibu. Kumbe lile nililomwomba yule keshia si jambo jipya! Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alimaliza kujenga Kairo hospitali kubwa iliyosimama kwa waqf, ikawapokea matajiri na masikini, wanaume na wanawake. Sisi pwani hii tunazo waqf za misikiti, nyumba na mashamba. Ni waqf ngapi zilizowekwa kwa ajili ya wagonjwa?

Tufanye nini

Nitataja machache ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya.

Kabla ya matibabu yasiyo ya haraka, ulizeni hospitali zaidi ya moja, na mtake makadirio kwa maandishi: ya kitanda, ya chumba cha upasuaji, ya mganga, ya daktari wa usingizi, ya dawa na vyombo. Ulizeni pia ni kitu gani hakimo katika bei hiyo, kwani aghlabu hapo ndipo penye mshangao.

Mgonjwa akilazwa, jamaa mmoja awe na daftari. Aandike kila siku dawa aliyopewa, kipimo alichofanyiwa na daktari aliyekuja. Mpwa wangu wa kike hakuwa na daftari, lakini alikuwa na kumbukumbu nzuri. Si kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.

Hesabu ikija, takeni iliyochambuliwa kifungu kwa kifungu, muilinganishe na waraka wa matibabu. Mkiona kosa semeni kwa upole, tena mseme na lile lililo juu yenu. Nawahakikishia kwamba yule msimamizi aliyaamini manne yangu kwa sababu ya lile moja lake.

Mkishindwa, ombeni kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo. Si aibu. Suratul Baqarah inaamrisha deni liandikwe, na inamwamrisha mwenye kudai ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki. Katika hospitali za serikali wako maafisa wa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni kusikiliza maombi ya wasiojiweza. Waendeeni mapema, msingoje siku ya kutoka.

Jueni pia haki zenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo yanayomlazimu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi kwa kutolipa walivunjiwa haki zao. Na katika kesi ya mwaka 1998, Mahakama Kuu ilikataa hoja kwamba hospitali inaweza kuushika mwili wa maiti kama rahani ya deni. Kwetu sisi ambao dini yetu inatuhimiza kumzika maiti wetu upesi, hili ni jambo kubwa. Lakini deni halifi kwa hukumu hizo. Deni ni deni, nalo lilipwe, hata katika urithi wa marehemu kabla ya kugawiwa.

Tena tusingoje maradhi ndipo tutafute kinga. Tangu Oktoba 2024 nchi yetu inao mfuko wa bima ya afya ya jamii uliochukua mahali pa ule wa zamani ulioanza mwaka 1966. Masuala ya kifiqhi ya bima nawaachia masheikh wenye elimu yake. Mimi nasema tu kwamba mwenye kuandikishwa asifanye kama sisi, tuliyeandikisha mgonjwa wetu kisha tukasahau kumlipia. Na kila msikiti uwe na sanduku la wagonjwa linalojazwa kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na mtu mmoja mwaminifu anayejua kuisoma hesabu. Mtu huyo pengine ana faida kubwa kuliko sanduku lenyewe.

Na wenye hospitali, ambao wengi wao ni Waislamu wenzetu, nawaambia kwa mapenzi: tunajua umeme ni ghali, dawa ni ghali, na bima huchelewa kuwalipa. Semeni hivyo. Bandikeni bei zenu ukutani kama muuza nyama anavyobandika zake. Mwenye bei ya haki haoni haya kuionyesha.

Dada yangu sasa anatembea kwa fremu yake mpaka barazani, na kila Ijumaa huniuliza, "Yule hamali hajambo?" Humwambia hajambo. Nami siku moja nilimweleza hamali mwenyewe mia mbili zake zilikwenda wapi: zimo katika skrubu nne, si sita. Akacheka sana, kisha akasema, "Maalim, basi mwezi ujao niandikie mia tatu."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu insafu, na atujaalie sisi sote kuwa wenye kupima kwa haki tunapotoa na tunapopokea. Amin.